Ng'ombe Waliochechemea Chang'ombe

Vijana wangu, nimewaona. Video ikisita kwenye simu kwa muda wa kumeza mate tu, mnasonya, mnaitikisa simu kama kopo la karanga, na mnaulaani mtandao pamoja na waliouleta. Mimi hucheka. Nilikuwa fundi kompyuta hapa Dodoma miaka ile ambayo picha ikitembea kwenye kompyuta ya nyumbani bila kukwama, watu walipiga makofi. Sitanii. Mimi mwenyewe nimewahi kubebwa juu juu kama mfungaji wa bao la ushindi, bisibisi bado mkononi, kichwa kikagonga taa ya darini.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Tulikuwa tumezoea maduka yenye rafu tupu, halafu ghafla kila kitu kikaingia: mitumba ya nguo, ya viatu, ya friji, na mwishowe mitumba ya kompyuta. Zilikuja kwa malori kutoka Dar es Salaam, zimeviringishwa kwenye magodoro yaliyochakaa, nyingine bado zina vibandiko vya ofisi za Ulaya zilikotupwa. Watu walinunua kwanza, matumizi wakayatafuta baadaye. Kuna mzee mmoja wa Kizota, mwenye mashine ya kusaga nafaka, aliinunua ya kwake, akaitandikia kitambaa cha kufuma na kuiwekea maua ya plastiki juu. Nilipomuuliza inamsaidia kazi gani, alinijibu kwa fahari, "Inapendeza."

Mimi nilikuwa kijana niliyetoka kijijini na ujuzi kidogo wa kutengeneza redio. Aliyenipokea ni Bi Mwanaidi, mama wa mjini hasa, mnene, mcheshi, ambaye babu wa babu zake walifika hapa na misafara ya biashara kutoka Unyamwezi, wakapapenda, wakakaa. Alikuwa na duka la kaseti. Watu walipoanza kuulizia kompyuta, akafungua chumba cha pili. Hakuwa amesomea popote. Alijifunza kwa kuzifungua.

"Lazaro," aliniambia siku ya kwanza, akinikabidhi brashi ya kupakia rangi, "hii mashine haina siri. Ina vumbi."

Nikasafisha vumbi mpaka nikaota vumbi. Lakini siku moja aliniita, akaniketisha mbele ya kompyuta iliyokuwa inacheza video kwa kukwama-kwama, akanikataza kutazama kioo. Nisikilize tu. "Feni inalia?" Inalia. "Na ile taa ya diski?" Imetulia, inapepesa mara moja moja. "Basi mashine inafikiri, na mawazo yameizidi. Sasa ile taa ikiwaka bila kuzimika, hapo mashine inatafuta, haioni. Anayefikiri na anayetafuta hawapewi dawa moja." Vijana, nimekaa na vitabu vingi vya kompyuta tangu siku ile, na sijapata somo lililonifaa zaidi ya hilo. Mpaka leo watu wanaongeza kumbukumbu kwenye mashine ambayo shida yake ni diski, halafu wanashangaa.

Niwaeleze kidogo ili msije mkapotea. Video ndani ya kompyuta huwa haikai wazi kama picha kwenye albamu. Ingekaa hivyo, isingetosha popote. Inakunjwa, inabanwa kama khanga kwenye sanduku la bibi harusi, na kila unapoitazama mashine lazima iikunjue haraka, picha moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Na walioibana ni wajanja: hawarudii kuhifadhi kile ambacho hakikubadilika. Mtu akiwa amekaa kitini anaongea, ukuta nyuma yake ni uleule, shati ni lileile, kinachobadilika ni midomo. Hiyo ni kazi nyepesi. Lakini weka upepo, weka majani yanayoyumba, weka kundi la ng'ombe linatembea kwenye hayo majani! Hapo kila kitu kinabadilika kila mara, na kompyuta ya mtumba inaanza kutokwa jasho.

Ng'ombe nimewataja kwa makusudi.

Ilikuwa Jumamosi, jua la utosini, Bi Mwanaidi anakunywa kahawa, mimi nahangaika na kibodi iliyomwagiwa soda. Akaingia Elia mbio. Elia alikuwa karani wa ofisi moja hapa mjini, akikaa Chang'ombe, na tulikuwa tumemuuzia kompyuta muda si mrefu. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Bi Mwanaidi," akasema akihema, "mashine yako inavunja ndoa!"

"Ya nani?"

"Ya mpwa wangu Debora. Na bado hata haijafungwa!"

Tukampa maji, akaeleza. Debora, binti wa dada yake, alikuwa Ulaya kwa miaka akisomea uuguzi. Huko akapata mchumba, Mzungu, jina lake Tomas, kijana wa shamba. Barua za posa zikaja. Lakini baba yake Debora, Mzee Mathayo, mkulima na mfugaji wa kijiji kimoja huko njia ya Mtera, akasema hamtoi binti kwa mtu asiyemwona kwa macho. Nauli ya ndege kwa wakati ule wachumba hawakuwa nayo. Basi wakajirekodi video, kijana ajitambulishe kwa wakwe na aonyeshe kwao, wakaiweka kwenye sidii na kumpa msafiri. Mzee Mathayo, mke wake, mashangazi na wajomba wakapanda basi asubuhi kuja mjini kwa Elia kumtazama mkwe.

"Wamemwona?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Wamemwona!" Elia akashika kichwa. "Kijana anatetemeka mwili mzima. Anaongea kwanza, halafu ndipo anafungua mdomo. Na ng'ombe wao wote ni vilema!"

Bi Mwanaidi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Elia hakucheka. Alisema mzee ameshasimama mara mbili kutaka kuondoka, basi la kurudi ni la alasiri, na akishaondoka na neno la kukataa moyoni hatalirudisha. "Huyo namjua. Akisema hapana kijijini, ni hapana mpaka kaburini."

Tukabeba sanduku la vifaa, tukaenda.

Sebule ilikuwa imejaa. Mzee Mathayo alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, mrefu, mkavu, fimbo katikati ya magoti. Mke wake, Mama Debora, alikuwa mkekani pembeni, akiisokota ncha ya khanga yake.

"Shikamoo, mzee," nikasalimu.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa hili sanduku?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie kweli, usinifiche. Huyu mtu ana kifafa?"

Nikaomba kwanza nione. Elia akabonyeza. Akatokea kijana mwekundu wa jua, nywele kama majani makavu, ameketi kwenye benchi. Sauti ikasema, "Mbukwenyi!" Salamu ya Kigogo kabisa, safi, Debora alikuwa amemfundisha. Ila kinywa cha kijana kilikuwa kimefungwa. Sauti ikaendelea kueleza jina lake na la baba yake, ndipo mdomo ukafunguka kama mtu anayepiga mwayo, ukafunga, ukafunguka tena. Shangazi mmoja akajisogeza nyuma.

"Mnaona?" akanong'ona. "Maneno yanatoka na yeye amenyamaza. Watu wa namna hii kwetu tunawajua."

Halafu wakaja ng'ombe. Ole wangu! Majani marefu, upepo, kundi zima linashuka mteremko. Feni ikaanza kulia kama pikipiki inayopanda kilima. Ng'ombe wa mbele akanyanyua mguu, akaganda. Akaruka hatua nzima akatokea mbele. Akaganda. Mwenzake mgongo ukamkatika vipande vya miraba, mkia ukabaki nyuma peke yake, ukamfuata baadaye. Wote walikuwa wanachechemea. Kisha kioo kikasimama kabisa, na kutoka kwa ng'ombe aliyeganda, mdomo wazi, ukatoka mlio mrefu usiokwisha.

Mzee Mathayo akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Kijana naweza kumsamehe," alisema. "Ugonjwa ni wa Mungu. Lakini mtu anayeacha ng'ombe wake wafike hali hii, binti yangu atamlisha nini?"

Niliuma ulimi nisicheke. Bi Mwanaidi alishindwa kabisa. Akaketi chini kwa kicheko, akajipangusa machozi, akasema, "Mtani wangu Mgogo, mimi Mnyamwezi nakuapia, ng'ombe ni wazima! Mgonjwa ni huyu," akaipiga kompyuta kofi la mgongoni. "Tupe nafasi tumtibu."

"Mnyamwezi akikwambia subiri," alijibu mzee, "ujue anatafuta maji ya bure." Chumba kikacheka kwa mara ya kwanza, nami nikapata upenyo wa kukaa kwenye kiti.

Cha kwanza nilichokikuta ni urembo wa Elia. Alikuwa ameijaza mashine kila alichopewa na marafiki: saa inayocheza, paka anayefuata kishale, samaki wanaoogelea, mlinzi wa virusi anayekagua kila faili inayopita. Vyote vinakula akili ya mashine hiyohiyo inayotakiwa kukunjua video. Nikavifunga kimoja kimoja. Paka alipoondoka Elia alisikitika waziwazi. Tukacheza tena. Kijana akatetemeka kidogo zaidi ya mtu mwenye baridi. Maendeleo, lakini si ya kuolea.

Nikatazama taa ya diski. Ile ya kisomea-sidii ilikuwa inawaka bila kuzimika, chombo kinazunguka na kunguruma. Mashine inatafuta. Nikanakili video nzima kutoka kwenye sidii mpaka ndani ya kompyuta, isomeke kwa wepesi. Wakati huo tukaletewa chai na karanga. Tukacheza tena. Sauti na mdomo vikakaribiana, na shangazi akarudi alipokuwa. Ng'ombe wakaja. Feni ikalia. Wakaganda.

"Inafikiri," Bi Mwanaidi akasema, sikio upande.

Nikapunguza idadi ya rangi za kioo. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu ya kuchezea video nikazima ile kazi ya kulainisha picha, ambayo inapendeza sana kwa mwenye mashine kubwa na ni mzigo wa bure kwa maskini. Nikaligeuza dirisha la picha kuwa dogo, maana kuvuta picha ijaze kioo nako ni kazi. Sasa ikacheza karibu sawasawa, ila ilikuwa na ukubwa wa stempu. Ukoo mzima ukasogeza vichwa, vikagongana. Mzee Mathayo akakunja uso, akasogea, akarudi nyuma.

"Sasa wamekuwa mbuzi," akasema.

Hapo jua lilikuwa limeshapinda. Mjomba mmoja akaanza kufunga mzigo wake akitaja basi. Nikamtazama Bi Mwanaidi, naye alikuwa ananitazama, na nikajua anachofikiri kwa jinsi alivyoshusha pumzi. Dukani alikuwa na kompyuta yake mwenyewe, ya kutazamia filamu zake za mapenzi, na ndani yake kadi ya picha ambayo hakuna nyingine ya namna ile niliyoijua mjini. Kadi ile ilijua kuvuta picha na kupanga rangi yenyewe, kazi ambazo kwa Elia prosesa, ile akili ya mashine, ilizifanya peke yake. Alikuwa hamruhusu mtu kuigusa. Mimi niliipangusa vumbi kwa ncha ya brashi tu, akiwa amesimama juu yangu.

"Kaitoe," akasema. "Na flopi yake iko kwenye droo. Kimbia kabla sijabadili mawazo!"

Nikakimbia. Chang'ombe nzima ilinifahamu siku ile. Watu waliniuliza nani kafa, nikawajibu mbio mbio, "Hakuna, kuna mtu anaoa!"

Niliporudi, mjomba aliyetaja basi alikuwa amekaa, mzigo umefunguliwa, na chumba kiko hoi kwa kicheko. Bi Mwanaidi na Mzee Mathayo walikuwa katikati ya utani.

"Babu zako walipita kwetu wanalia kiu," mzee alikuwa anasema. "Tukawanywesha."

"Mkawatoza pembe za ndovu na nguo! Kisima cha tope, bei ya dhahabu!"

"Maji ni maji. Hata leo umeme wa hili sanduku lako si ni maji ya bwawa la kwetu Mtera? Nikiondoka nafunga bomba, tuone utachezesha nini."

Nikafungua kompyuta. Mzee akaja kuchungulia ndani, mikono nyuma, kama anayekagua zizi. Nikaitoa kadi ya zamani, nikaichomeka mpya, nikafunga, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi. Nikasubiri. Cheusi tii. Nikagusa huku, nikagusa kule, jasho linanitiririka kwenye kope, mpaka Bi Mwanaidi akainama sikioni kwangu, akaniuliza kwa upole mno, "Baba, waya wa kioo umeuchomeka kwenye kadi, au umeuacha unaning'inia?"

Ulikuwa unaning'inia.

Nikauchomeka. Picha ikaja. Nikaweka flopi yenye programu ya kuiendesha ile kadi, ikasoma kwa milio ya kukwaruza, tukazima, tukawasha, nikafungua video. Nikaipanua ikajaza kioo chote. Nikafumba macho.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa!" chumba kizima kikaitikia, maana safari hii mdomo na salamu vilitoka pamoja. Nikafumbua macho. Kijana ametulia kama mtu aliyelelewa vizuri. Anacheka, meno yanaonekana. Akasimama, kamera ikamfuata, na wakaja ng'ombe.

Jamani, walitembea! Walishuka ule mteremko weusi na weupe, viwele vinayumba, majani yanalala na kuinuka, mikia inapiga nzi. Hakuna aliyeganda. Chumba kililipuka. Elia na binamu zake wakaninyanyua, ndipo nilipogonga taa. Bi Mwanaidi akacheza na miguu yake ya kuvimba. Vigelegele vikavuka uzio, majirani wakajaa dirishani wakiuliza nani kajifungua.

Mzee Mathayo alikuwa ameusogeza uso wake mpaka kwenye kioo.

"Kile ni kiwele au mtungi?" akauliza polepole.

"Kiwele, mzee."

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akamtazama ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe pajini, akafuata mgongo wake kwa kidole, bila kugusa, mpaka mkiani. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Tomas akaita jina, jina la ajabu tu la Kizungu, na yule ng'ombe akaacha majani, akaja taratibu mpaka kwake, akampumulia shingoni. Kijana akamkuna nyuma ya sikio.

Mzee Mathayo akakaa. Akaweka fimbo chini.

"Ng'ombe yule anakuja kwa kupenda," alisema. "Hakuna aliyempiga. Mimi nimeona. Mwambieni Debora baba amekubali."

Nisiwaache roho juu: Tomas alikuja, tulimla mbuzi harusini, na nilimwona kwa macho yangu akibishana na mkwe wake juu ya kwato kwa Kigogo cha kuokoteza. Lakini siku ile pale sebuleni, video ilikuwa bado haijaisha, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua, kwa sababu kila mara tulikuwa tukiishia kwa ng'ombe.

Wakati watu wanapongezana, picha ikayumba. Ikaonyesha anga, ikaonyesha majani, ikaonyesha viatu. Tomas alikuwa amekabidhiwa kamera. Kumbe muda wote mpiga picha alikuwa mwingine. Akaja mbele binti aliyevaa koti kubwa la baridi, amejifunga kitambaa kichwani, pua imemwiva kwa ubaridi. Akasimama, akajishika mashavu, akaanza kusema kwa Kigogo. Alisema, "Mama, niko mzima. Nimenenepa, tazama," akageuka mzima-mzima ili aonekane pande zote.

Mama Debora aliinuka mkekani. Hatukuwa tumesikia sauti yake tangu tuingie. Alipita katikati ya watu, na watu wakampisha, akachuchumaa mbele ya kompyuta, uso kwa uso na mwanawe. Debora akageuka tena, koti likapepea, laini kabisa, bila kukwama hata kidogo. Akapunga mkono. Mama akapunga.

Picha ikaisha. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake tukaona tumesimama sote.

"Fundi," alisema Mama Debora bila kugeuka. "Rudisha. Lakini hao ng'ombe waruke."

"Waruke waende wapi?" Mzee Mathayo akaruka kutoka kwenye kiti. "Acha ng'ombe wapite!"